Ada Kwanza, Gemu Baadaye

Mama mpendwa, kijana wako hapa Sokon I anataka kompyuta mpya ya gemu, na ada ya shule haijalipwa. Usimkemee, wala usikimbilie dukani. Chomoeni waya wa umeme, mfungue kava pamoja, mwone kilichomo.

Mchezo ukikwama-kwama, mara nyingi udhaifu uko kwenye kadi ya picha; hiyo ipewe fungu kubwa. Lakini soma kwanza wati za pawa saplai: ikiwa ndogo, kadi mpya itaizima mashine. Ramu ya DDR4, iliyoingia madukani mwaka 2014, haiingii penye nafasi ya DDR3. Diski ya SSD huharakisha kuwaka, si picha.

Nunueni kimoja kimoja, kijaribiwe mbele yenu. Lipa ada, kadi itangoja. Kijana aliyepiga hesabu pamoja nawe hatanung'unika.