Kuamua Si Kusuluhisha

Ndugu msikilizaji, watu wanapogombana huja maneno mengi: kusuluhisha, kupatanisha, kuamua, kuhukumu. Wengi wetu huyatumia kana kwamba yote ni mamoja. Wiki hii tuyatenganishe, maana anayeyachanganya anaweza kupoteza shamba lake huku akidhani anatafuta haki.

Tuchukue mfano wa Nyarugusu, wilayani Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Hapo wamo mkulima, mwenye leseni, mwenye duara, na vijana wanaoshuka chini kuchimba. Ardhi ni ile ile moja, na kila mmoja ana madai juu yake. Tuseme mama mmoja anakuta watu wamefungua duara pembezoni mwa shamba lake la mihogo. Anakwenda ofisi ya kata na kusema, "Nataka Baraza liamue." Je, Baraza la Kata linaweza kuamua?

Tuanze na neno lenyewe. Kuamua ni neno la Kibantu. Waganda humwita jaji *omulamuzi*, nasi tunasema mwamuzi. Hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Katika Kiswahili cha zamani kuamua ni kuwaachanisha wanaopigana, na hata leo tunasema kuamua ugomvi. Kutoka hapo maana ikapanuka, ikawa kukata neno: huyu ana haki, yule hana. Mwamuzi haombi ridhaa ya wagombanao. Refa akipuliza filimbi, mpira umesimama, upende usipende.

Kusuluhisha ni kitu kingine. Neno hili limetokana na suluhu, lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni mapatano. Msuluhishi hana filimbi. Kazi yake ni kuwaweka watu pamoja, kuwasikiliza na kuwasaidia waone njia. Mmoja akikataa, hakuna suluhu. Kupatanisha kunakaribiana sana na kusuluhisha, ila hapo mkazo uko kwenye watu wenyewe: majirani waliokuwa hawaamkiani sasa wanaamkiana. Shauri laweza kusuluhishwa na wahusika wasipatane mioyoni.

Sasa turudi kwa yule mama. Mabaraza ya Kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ikayapa uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi ya thamani ndogo. Lakini mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea uwezo huo. Katika mambo ya ardhi Baraza la Kata likabakiziwa kusuluhisha tu. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na mwenye madai huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda huko hata bila hati hiyo. Baraza la Ardhi la Kijiji nalo, lenye wajumbe 7 ambao 3 kati yao ni wanawake, kazi yake ni kusuluhisha.

Mnaona uzito wa neno moja? Mama akidhani Baraza limeamua, atainamisha kichwa na kuweka dole gumba kwenye karatasi, akiamini hana hiari. Kumbe hiari anayo. Karatasi ya suluhu haiwekwi alama na mtu asiyeridhika. Na aliyeridhika naye asiseme kesho kwamba alihukumiwa, alikubali mwenyewe.

Ugomvi wa wachimbaji wenyewe kwa wenyewe, kama vile mipaka ya leseni, una njia yake. Kule Mirerani wachimbaji wa chini kwa chini wanapokutana kwa kutoboleana, huita mtobozano. Mambo ya namna hiyo Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka chombo cha kuyachunguza na kuyaamua. Awali alikuwa Kamishna wa Madini. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017 ni Tume ya Madini. Hapo ni kuamua kwelikweli, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Usukumani kulikuwa pia na dagashida, mkutano mkubwa wa jamii wa kusikiliza mashauri. Sungusungu walipoibuka miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliufufua. Aliyeonekana mkosaji alitozwa faini, na mkaidi alitengwa: hapewi hata moto. Huko hakukuwa kusuluhisha. Kulikuwa kuhukumu, ingawa hakukuwa na hakimu.

Kuhukumu basi ni nini? Hukumu, hakimu na mahakama ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Hukumu ni uamuzi wa mwisho wa mahakama baada ya kupima ushahidi. Wengi husikia "amehukumiwa" wakadhani "amefungwa". Sivyo. Hata anayeachiwa huru amesomewa hukumu. Kifungo au faini ni adhabu, nayo huja baada ya mtu kuonekana na hatia.

Neno la mwisho ni shauri. Lina maana ya kesi, na pia maana ya ushauri, kuulizana. Wazee wetu walijua kwamba kesi huanza kwa kuulizana. Lakini si kila jambo ni la kumalizana nyumbani. Mtu akiuawa shimoni, hiyo ni jinai. Haina suluhu ya mbuzi wawili.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiitwa mbele ya wazee au baraza, uliza kwanza: mmekaa kutusuluhisha au kutuamua? Jibu utakalopewa ndilo litakalokuonyesha kama unaombwa ridhaa yako au unapewa amri. Hadi wiki ijayo, kwaherini.