Kipatimu: Faida ya gesti iko katika usiku wa pili

Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuwekeza wilayani Kilwa huangalia kwanza pwani: samaki, korosho, na wageni wanaovuka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Ni wachache wanaogeuza macho kwenye milima ya Matumbi, ambako mji mdogo wa Kipatimu una mapango, historia ya vita vya Maji Maji na njia nyingi za kutembea kwa miguu. Swali la kibiashara ni moja: je, gesti ya vyumba vichache katika mji kama huo inaweza kurudisha mtaji wa mwenyewe?

Hesabu zinaonyesha kuwa inaweza, ila kwa sharti moja. Mgeni anayelala usiku mmoja husaidia kulipa gharama. Faida huletwa na yule anayelala usiku wa pili.

Bidhaa iliyopo

Matumbi si milima mirefu kama Kilimanjaro au Usambara. Ni vilima vya mawe ya chokaa, na chokaa hiyo ndiyo iliyozaa mapango, kwa kuwa maji ya mvua huila polepole kwa maelfu ya miaka. Pango linalojulikana zaidi ni Nang'oma. Lina mlango mpana, giza nene na popo wengi, na wenyeji husimulia kuwa liliwaficha watu wakati wa Maji Maji.

Kijiji cha Nandete nacho kiko katika milima hiyo hiyo. Hapo ndipo Wamatumbi walipong'oa mipamba mwezi Julai 1905 kupinga kilimo cha kulazimishwa na Wajerumani, na vita vilivyofuata viliendelea hadi 1907. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania amesikia habari za Maji Maji, lakini ni wachache waliowahi kufika mahali vilipoanzia. Kwa lugha ya soko, jina tayari linajulikana. Kinachokosekana ni huduma.

Msafiri anayetoka Dar es Salaam hufuata barabara kuu ya Lindi, huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, hupita Somanga na kuacha lami ya barabara kuu mahali panapoitwa Njia Nne. Kutoka hapo ni kiasi cha kilomita 50 za kupanda kuelekea Kipatimu. Anayeanza safari asubuhi hufika akiwa amechoka, na hawezi kuona pango na kurudi Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Umbali ambao wengi huuona kuwa tatizo ndio unaomlazimisha mgeni kulala angalau usiku mmoja.

Funzo la Kikole

Kabla ya kununua tofali la kwanza, mwekezaji angefanya vizuri kutazama yaliyotokea bara ya wilaya hiyo hiyo, katika misitu ya kijiji cha Kikole na majirani zake.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, biashara iliyowahi kuchangamka ilikuwa magogo. Malori yaliweza kufika misitu ya kusini kwa urahisi kuliko wakati wa kivuko cha Ndundu, na miti ikatoka. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mrabaha wa mazao ya misitu ya asili uliostahili kukusanywa kusini mwa Tanzania na serikali kuu na halmashauri haukukusanywa. Barabara ilileta wanunuzi, lakini sehemu kubwa ya thamani iliondoka nayo.

Kikole na kijiji cha Kisangi walifuata njia nyingine. Kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative lenye makao Kilwa Masoko, walipima mipaka ya misitu yao, wakaiweka chini ya usimamizi wa kijiji na kukubaliana juu ya kiasi cha kuvuna. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, ikiwa ya kwanza Afrika kati ya misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mpingo, mti unaotumika kutengeneza klarineti na zumari za Ulaya, ukawa na mwenyewe anayejulikana. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, mapato ya msitu wa kijiji hubaki kijijini.

Funzo hilo linahusu utalii pia. Kivutio kisicho na utaratibu wa nani analipwa, kiasi gani na kwa kazi ipi huwanufaisha wapita njia. Pango la Nang'oma halitoki kwa lori, lakini fedha zake zinaweza kutoka: mgeni huja na gari la kukodi kutoka mjini, chakula kimefungwa Dar es Salaam, na mwongoza wageni ni wa kuja naye. Kijiji hubaki na vumbi.

Marangu na Lushoto

Miji miwili ya milimani inaonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi. Marangu ni mlango wa zamani wa kupandia Kilimanjaro, na jina lake linajulikana duniani. Hata hivyo, mpandaji anayetumia njia ya Marangu hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, ndani ya hifadhi. Ada ya vibanda hivyo huenda kwa hifadhi. Mji hupata usiku wa kabla ya safari na ule wa baada, na wengine hulala Moshi hata siku hizo. Ndiyo maana wenye hoteli Marangu wamejifunza kuuza vitu vya pembeni: maporomoko ya maji, matembezi ya mashamba ya kahawa, chakula cha Kichagga.

Lushoto haina kilele maarufu kama Kibo, lakini matembezi ya Usambara huenda kijiji hadi kijiji. Mgeni anayetembea kutoka Lushoto kuelekea Mtae hutumia siku kadhaa njiani, na kila jioni hulala mahali panapomlipa mwenyeji. Kitanda, chakula na mwongozaji hupatikana huko huko.

Kipatimu inafanana zaidi na Lushoto. Haina kilele cha kuuza, ila ina njia, vijiji na habari za kusimulia.

Hesabu ya vyumba sita

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba sita iliyojengwa kwa shilingi milioni 40, kila chumba kikilipiwa shilingi 20,000 kwa usiku. Takwimu hizi ni za kufanyia hesabu tu. Mwekezaji aweke zake.

Siku 90 za misimu ya mazao, vyumba vikijaa kwa asilimia 80, huleta malazi 432. Siku 120 za kiangazi na sikukuu, vikijaa kwa asilimia 30, huleta malazi 216. Siku 155 zilizobaki, zikiwamo za mvua, vikijaa kwa asilimia 10, huleta malazi 93. Jumla ni malazi 741 kwa mwaka, yaani mapato ya shilingi 14,820,000.

Gharama zisizobadilika, kama mlinzi, mfanya usafi, umeme, maji na leseni, tuziweke shilingi 600,000 kwa mwezi, sawa na 7,200,000 kwa mwaka. Gharama za kila malazi, yaani sabuni, kufua shuka na chai ya asubuhi, tuziweke shilingi 4,000, jumla 2,964,000. Kinachobaki ni shilingi 4,656,000. Hiyo ni asilimia 11.6 ya mtaji, kabla ya kodi na matengenezo.

Mwenye busara ataona tatizo mara moja. Hatifungani za serikali za miaka 20 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa miaka mingi, na mwenye nazo hafui shuka wala hagombani na mlevi usiku wa manane. Kwa hesabu hiyo, gesti haina sababu ya kujengwa.

Sasa tuongeze jambo moja tu. Wageni wa zile siku 120, badala ya kulala usiku mmoja, walale siku mbili. Malazi yanaongezeka kwa 216. Mlinzi na leseni ni wale wale, kwa hiyo kila malazi ya ziada huacha shilingi 16,000. Nyongeza ni shilingi 3,456,000, na ziada ya mwaka inafika 8,112,000, sawa na asilimia 20.3 ya mtaji. Hakukujengwa chumba kipya wala hakukutafutwa mgeni mpya.

Nani analala, na lini

Kosa la wengi ni kujenga kwa ajili ya mtalii peke yake. Kilwa ni wilaya ya ufuta na korosho. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha Lindi Mwambao. Minada inayofanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX, humwezesha mnunuzi kutoa bei akiwa Dar es Salaam, lakini mzigo haupakiwi kwa mtandao. Dereva, utingo, karani na mpima ubora lazima walale mahali.

Wageni hao hulipa kitanda safi, maji ya kuoga, mahali salama pa gari na chakula cha mapema. Ndio wanaolipa mshahara wa mlinzi. Mtalii huja juu yao. Anayejenga chumba cha anasa cha mtalii tu atakifunga miezi mingi. Anayejenga chumba safi cha kawaida atakipangisha kwa wote wawili.

Usiku wa pili unatoka wapi

Mgeni halali siku ya pili kwa sababu ameombwa. Hulala kwa sababu kuna jambo la kufanya kesho yake. Mwenye gesti anahitaji ratiba ya siku mbili iliyoandikwa na kubandikwa ukutani pamoja na bei: siku ya kwanza pango la Nang'oma, siku ya pili Nandete kwa miguu pamoja na mzee anayeijua historia. Anayetaka siku ya tatu aelekezwe misitu ya mpingo, au ashuke Kilwa Masoko na kuvuka kwenda Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: tochi za kichwa, betri za akiba, mabuti, kofia ngumu na sanduku la huduma ya kwanza. Ratiba ya pango ifuate mvua, kwa kuwa maji yanaweza kujaa ndani bila mtu aliye chini kusikia mvua iliyonyesha juu. Ajali moja inaweza kuua biashara ya miaka kumi.

Ardhi na vibali

Ardhi nyingi ya Matumbi ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Karatasi iliyosainiwa na mwuzaji na mjumbe haitoshi. Maombi hupita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na mgeni asiye raia hawezi kuuziwa ardhi hiyo moja kwa moja. Anayetaka kuongoza misafara ya watalii kama biashara anahitaji leseni ya wakala wa utalii kutoka wizarani. Kwa mtaji mdogo ni nafuu kuuza malazi na chakula, na kuwaacha mawakala wenye leseni walete watu.

Makubaliano na kijiji kuhusu pango yaandikwe: ada ya kijiji, malipo ya mwongozaji, na nani anatunza njia. Kikole haikuuza gogo kabla ya kupima mpaka.

Hatari kubwa ni barabara

Aprili na Mei 2024 mvua kubwa, na kisha kimbunga Hidaya, vilikata barabara kuu ya Lindi katika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Gesti ya milimani isiyo na wageni kwa mwezi mzima bado ina mlinzi wa kulipwa. Kwa hiyo akiba ya gharama za miezi mitatu, ambayo katika mfano wetu ni shilingi 1,800,000, ihesabiwe kuwa sehemu ya mtaji tangu mwanzo.

Aliye na shilingi milioni 40 asianze na vyumba sita. Aanze na viwili au vitatu katika nyumba ya kupanga, kwa msimu mmoja wa ufuta na mmoja wa korosho, na aweke daftari lenye safu tatu: mgeni ametoka wapi, amekuja kwa shughuli gani, amelala siku ngapi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa safu ya tatu ya daftari hilo imejaa tarakimu moja, fedha zibaki kwenye hatifungani. Ikianza kuonyesha mbili na tatu, wakati wa kununua tofali umefika.