Tamiflu na Madirisha ya Japani

Machi 2007 Wizara ya Afya ya Japani iliwaagiza madaktari wasiwaandikie oseltamivir, dawa inayouzwa kwa jina la Tamiflu, wagonjwa wa miaka 10 hadi 19, isipokuwa wale ambao maradhi mengine yanawaweka katika hatari kubwa zaidi. Vijana kadhaa waliougua homa ya mafua walikuwa wameruka au kuanguka kutoka ghorofani baada ya kuimeza, na baadhi yao walikufa. Mtoto wa miaka 9 na miezi 11, kwa mujibu wa waraka wa wizara, hakuhusika.

Kirusi cha homa ya mafua huingia katika seli za njia ya hewa na kujizalisha humo, kisha nakala zake hunasa kwenye utando wa nje wa seli. Kinachozikata zikaenda zake ni kimeng'enya kiitwacho nyuraminidesi. Oseltamivir hukizuia kimeng'enya hicho, na virusi vipya hubaki vimenata palepale vilipozaliwa. Vilivyokwisha kutoka haiviui. Kwa kuwa virusi huzaliana zaidi siku za mwanzo, dawa hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 48: kwa kijana, miligramu 75 mara mbili kwa siku, kwa siku 5.

Lakini saa hizohizo 48 ndizo za homa kali, na homa kali humfanya mtoto aweweseke: anazungumza na watu wasiokuwapo, anakurupuka kitandani, anauendea mlango. Nayo Japani ilikuwa ikitumia Tamiflu kuliko nchi nyingine yoyote. Kliniki zilikuwa na kipimo cha haraka, na dawa ilipatikana mapema. Pale ambapo wagonjwa wengi kiasi hicho wanapewa dawa moja siku ya kwanza au ya pili, wengi wa watakaoonekana dirishani watakuwa wameimeza, iwe ndiyo iliyowapeleka huko au siyo. Jibu lilikuwa kwa wale ambao hawakuimeza.

Nao waliweweseka. Matukio ya aina hiyo yaliripotiwa kwa waliotumia dawa za kuvuta kama zanamivir, na hata kwa wasiotumia dawa yoyote ya virusi. Agosti 2018 zuio liliondolewa, baada ya miaka 11. Hakuna atakayeilaumu wizara kwa pupa. Kilichobaki ni maelekezo kwa wazazi, dawa iwe ipi: mtoto asiachwe peke yake kwa angalau siku 2 za mwanzo, milango na madirisha yafungwe, na ikiwezekana alale ghorofa ya chini. Komeo halina kampuni ya kulitangaza.

Mabishano hayo yalilifunika swali jingine: kijana mwenye afya njema anaihitaji dawa hii? Mwaka 2014 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, baada ya kuvutana na Roche, kampuni inayoiuza Tamiflu, kwa miaka wakidai ripoti kamili za majaribio, walikuta kwamba kwa watu wazima dalili zilipungua kutoka siku 7 hadi 6.3, huku kichefuchefu na kutapika vikiongezeka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliishusha oseltamivir kwenye orodha ya nyongeza ya dawa muhimu, na mwongozo wake wa 2024 unashauri isitumike kwa ugonjwa usio mkali. Kwa kijana aliyelazwa akihema kwa shida hesabu ni nyingine. Huko madaktari wengi huianza bila kungoja maabara, kwani majibu yakichelewa, saa 48 zimekwisha.