Vazi la Mwanajimnastiki na Afya ya Binti

Katika jimnastiki, mwili wa mchezaji ndio chombo chake cha kazi, na ndio huohuo unaotazamwa na waamuzi. Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki limeweka kanuni za mwonekano zenye undani usio wa kawaida. Kwa wanawake, mkato wa mguu wa vazi usipande kupita mfupa wa nyonga, na shingo ya vazi isishuke chini ya nusu ya mfupa wa kidari. Vito vimekatazwa, isipokuwa hereni ndogo za kuchomeka sikioni. Anayekiuka kanuni za mavazi hukatwa alama 0.30, kiasi kinachoweza kumkosesha medali.

Kitabibu, kanuni hupimwa kwa swali moja: inamkinga nani, na dhidi ya nini? Katazo la pete lina jibu lililo wazi. Pete ikinasa wakati mchezaji anabembea kwenye vyuma, uzito wa mwili huvuta kidole kimoja; ngozi na mishipa ya damu huweza kuchunika hata kidole kikapotea. Nywele zisizofungwa nazo humziba macho anayepinduka juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10.

Vazi linaloacha paja lote wazi halina jibu la namna hiyo. Mwezi Aprili 2021, huko Basel, Sarah Voss wa Ujerumani alishindana akiwa na vazi lililomfunika hadi vifundoni, na miezi mitatu baadaye timu yake ilivaa vivyo hivyo katika Olimpiki ya Tokyo. Kanuni zilikwisha kuliruhusu vazi hilo, ila lilikuwa likivaliwa kwa nadra, na hasa kwa sababu za kidini. Wajerumani walieleza kuwa kila mchezaji anastahili kujisikia salama ndani ya vazi lake. Mwaka 2024 New Zealand iliruhusu kaptura na suruali za kubana juu ya vazi, na ikafuta adhabu kwa nguo ya ndani inayoonekana. Kwa binti aliye katika hedhi, mabadiliko hayo si jambo dogo. Hofu ya kuchafuka mbele ya umati huondoa utulivu wa akili, na katika mchezo huu, kupoteza utulivu kwa nukta moja kunatosha kuleta anguko.

Hata hivyo, kanuni yenye madhara makubwa zaidi haikuandikwa popote, nayo ni ile ya wembamba. Mmarekani Christy Henrich aliambiwa na mwamuzi, katika mashindano ya Budapest mwaka 1988, kwamba anahitaji kupunguza uzito. Alifariki mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 22, viungo vyake vikiwa vimeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya kujinyima chakula.

Mwili unaopata chakula pungufu kuliko mazoezi unayofanya huanza kubana matumizi. Ubongo hupunguza ishara zinazokwenda kwenye ovari, homoni ya estrojeni hushuka, hedhi hukoma, na mifupa hukosa kinga yake. Hasara hii hutokea katika umri wa balehe, wakati ambapo mifupa hujengeka kwa kasi kubwa, na huenda isifidiwe yote baadaye. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii kuwa tatizo la mwili mzima, linaloweza kuwapata wanaume pia.

Mzazi na kocha wana wajibu wa kuziona dalili mapema: hedhi iliyokatika kwa miezi mitatu au isiyoanza hadi miaka 15, nyufa za mifupa zinazojirudia, kizunguzungu, na binti kukwepa kula pamoja na wenzake. Kukatika kwa hedhi kusichukuliwe kuwa ishara ya mazoezi mazuri. Ni sababu ya kumwona daktari. Kuhusu umbo la binti, la busara ni kutolitolea maneno kabisa.