Puto la Luxor na baridi ya alfajiri

Mgeni aliyelala ukingo wa mashariki wa mto Nile, mjini Luxor, akitaka kupanda puto huamshwa mnamo saa kumi alfajiri, giza likiwa bado limetanda. Huvushwa mto kwa mashua, kisha gari dogo humpeleka hadi uwanja wa vumbi kando ya mashamba ya miwa. Hapo hukuta vitambaa virefu vimetandazwa chini kama matanga ya jahazi yaliyoanikwa, na feni kubwa zinavijaza hewa. Kila mmoja huuliza: kwa nini mapema hivi? Wengi hujijibu wenyewe kwamba wameletwa kuona jua likichomoza. Jua ni nyongeza tu. Kinachowahiwa saa ile ni baridi.

Puto halina bawa wala injini. Huelea kwa sababu hewa iliyomo ndani yake ni nyepesi kuliko ya nje, basi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 15 za Sentigredi, kwenye usawa wa bahari, ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ukiipasha moto hadi nyuzi 100 hutanuka, na katika nafasi ile ile inabaki kama gramu 950. Tofauti ni gramu 280, yaani robo kilo ya sukari na ziada kidogo. Robo kilo hiyo ndiyo mbebaji wa kila kitu. Puto kubwa la watalii lenye mita za ujazo 10,000 litabeba kilo 2,800, na humo umo uzito wa kitambaa chenyewe, kikapu, mitungi ya gesi, rubani na abiria wote.

Sasa ngoja hadi hewa ya nje ifike nyuzi 35, jambo la kawaida kabisa Luxor. Ndani ya puto bado ni nyuzi 100, lakini tofauti imeshuka hadi gramu 200. Puto lile lile, moto ule ule, limepoteza kilo 800: watu wazima kumi. Rubani hawezi kuifidia hasara hiyo kwa kuongeza moto apendavyo, kwa sababu joto la ndani likipita nyuzi 120 hivi nailoni ya kitambaa chake huanza kuharibika. Ndiyo maana nasema baridi ndiyo mtaji wa safari. Moto unanunulika kwa mtungi. Baridi huitafuti dukani, unaiamkia.

Moto wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Juu ya vichwa vya abiria kuna kichomeo chenye bomba lililosokotwa mzunguko. Gesi ya propani hutoka mtungini ikiwa kimiminika, hupita katika bomba hilo linalochomwa na mwali wake wenyewe, hugeuka mvuke, kisha hulipuka kuwa ulimi wa moto wa mita kadhaa. Mlio wake hukatisha mazungumzo, na utosi wa kichwa hupata joto kama mtu aliyeinamia tanuri la mikate. Rubani akiachia mpini, kimya hurudi ghafla, na mbwa wa kijijini anasikika akibweka mita 200 chini. Ndugu Montgolfier wa Ufaransa, waliorusha watu kwa mara ya kwanza mwaka 1783, walichoma majani makavu na sufu. Kichomeo cha propani na kitambaa cha nailoni vilikuja pamoja na Mmarekani Ed Yost mwaka 1960, na mpaka leo mpango haujabadilika sana. Hata kikapu bado kinasukwa kwa fito, kwa kuwa hunepa na kumeza kishindo cha kutua.

Lakini baridi ina kazi ya pili, na kwangu mimi hii ndiyo nzito zaidi. Usiku usio na mawingu, ardhi ya jangwa hutoa joto lake upesi, na hewa inayoigusa hupoa pamoja nayo. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hulala chini, na ile ya juu yake inabaki na joto zaidi. Mpangilio huo hauna sababu ya kujivuruga. Hewa hutulia kama maji ya mtungini. Jua likishapanda, mchanga na miamba hupata moto kabla ya mashamba ya miwa. Hewa moto hufumka juu kwa vishindo, na ile ya mashambani hukimbilia kujaza nafasi yake. Mwewe hufurahia vishindo hivyo. Puto lenye watu, linalotaka kutua polepole kwenye uwanja mdogo, haliviwezi. Wanaopanda puto juu ya nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti huamshwa gizani kwa sababu hiyo hiyo.

Na usukani? Hakuna. Rubani ana mambo mawili tu: kupanda kwa moto, na kushuka kwa kuvuta kamba inayofungua tundu la juu. Hata hivyo upepo haupigi upande mmoja kila kimo. Karibu na ardhi, hewa iliyopoa huweza kuteremka kutoka vilimani kuelekea mtoni. Juu zaidi, upepo wa kaskazini uliozoeleka katika bonde la Nile husukuma kuelekea kusini. Rubani stadi hupanda na kushuka akitafuta tabaka linaloelekea anakotaka, kama nahodha anayengoja pepo zake.

Ukiwa huko juu, tazama chini mstari mmoja kabla ya kutazama hekalu lolote: pale kijani kinapokatika na mchanga kuanza. Mpaka ni mkali kiasi kwamba mtu anaweza kusimama mguu mmoja shambani, mwingine jangwani. Sasa fuata mstari huo kwa macho. Kusini, hekalu la farao Ramses III huko Medinet Habu. Katikati, la Ramses II, Ramesseum. Kaskazini, la Seti I. Yote yamejipanga kwenye ukingo. Mtembea kwa miguu huona kuta na nguzo, lakini mpango wenyewe huonekana kutoka juu: wajenzi hawakutaka kula shamba, hawakutaka mafuriko ya mto yawafikie, na bado walitaka mifereji iwafikishie mawe. Nyuma ya mahekalu hayo, chini ya jabali, ni hekalu la farao Hatshepsut lenye kuta zilizochorwa safari ya merikebu zake kwenda nchi ya Punt, ambayo watafiti wengi huiweka Pembe ya Afrika. Ng'ambo ya jabali hilo ni Bonde la Wafalme.

Farao Amenhotep III aliuvuka mstari huo. Hekalu lake, kubwa kuliko yote ya ukingo ule, alilijenga mashambani, njia ya mafuriko. Tetemeko na maji vililiangusha, na kwa karne nyingi zilibaki wima sanamu mbili tu za mfalme ameketi, kila moja mita 18 hivi. Tetemeko jingine, mwaka 27 KK, liliipasua ile ya kaskazini, na tangu hapo ikawa inatoa sauti jua linapochomoza, kama uzi wa kinubi unaokatika. Mtawala wa Roma, Hadrian, alikuja kuisikiliza mwaka 130. Baada ya sanamu kukarabatiwa sauti ikakoma. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jiwe lililopoa usiku, lenye umande ndani ya nyufa, lilikuwa likipashwa joto ghafla. Ni badiliko hilo hilo la baridi kuwa joto linaloipangia puto saa yake.

Wepesi wa puto una hatari yake pia. Tarehe 26 Februari 2013, moto ulizuka katika puto lililokuwa likitua Luxor. Rubani na abiria mmoja waliruka nje wakanusurika. Puto, likiwa limepungukiwa na uzito na kuongezewa joto, lilipaa tena, kisha likaanguka. Watu 19 kati ya 21 walikufa, na hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya maputo ya hewa moto. Hesabu za gramu 280 zinaeleza kwa nini abiria hukatazwa kutoka kikapuni mpaka aruhusiwe: kila anayeshuka, puto hupata wepesi wa kuinuka na waliobaki.

Kwa hiyo ukifika huko, sikiliza maelekezo ya kutua kuliko unavyosikiliza ya kupiga picha. Na ukiambiwa saa kumi na moja alfajiri kwamba leo upepo umekataa, usimbembeleze rubani wala usimwongezee pesa. Mshukuru, nenda Medinet Habu kwa miguu kabla jua halijawa kali, na ujaribu tena kesho.