Ukiwa na Laki na Nusu: Helmeti Kwanza, Jaketi Isubiri

Kwenye maduka ya vifaa vya pikipiki pale Kariakoo, ukimuuliza muuzaji tofauti ya helmeti hii na ile, mara nyingi atakutajia rangi. Tofauti yenyewe imo ndani. Vuta kitambaa pembeni kidogo, kisha bonyeza kwa kidole gumba. Ukikuta sponji laini tupu, hiyo ni kofia ya kumridhisha trafiki. Helmeti ya kweli ina tabaka nene na gumu, kama lile linalozunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Ukianguka, hilo ndilo linalopondeka kwa niaba ya fuvu lako.

Halafu tazama ukanda wa kidevuni. Helmeti iliyopimwa kwa kiwango cha ECE 22.05 au 22.06 hushonewa hapo lebo yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha: E3 ni Italia, E4 ni Uholanzi. Stika ya DOT nyuma ya kofia isikutie moyo sana. Hata huko Marekani kiwango hicho kilikotoka, mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na stika kila mtu anaweza kuchapa.

Tuseme una shilingi 150,000. Wengi huzigawa: helmeti ya bei chee, jaketi lenye vipande vya plastiki, glavu, na vikinga magoti, ili waonekane wamekamilika. Mimi ningemwaga karibu zote kwenye helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kwa jaketi la bei ya Kariakoo sijaona hesabu inayokaribia hiyo.

Inayofunika uso wote ndiyo inayolinda kidevu, ila Dar ina joto, na madereva wengi huipandisha utosini au kuitundika kwenye kioo. Kama unajijua, chukua iliyo wazi usoni lakini yenye kiwango, na uifunge. Kabla ya kulipa, funga ukanda, inamisha kichwa, mwambie mwenzako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka paji la uso, rudisha.

Mitumba? Kwa jaketi la ngozi nzito na buti zinazofunika vifundo vya miguu, nenda bila wasiwasi. Zinachunwa na lami badala ya ngozi yako, na ni mbali sana na ndala. Kwa helmeti, hapana kabisa. Tabaka la ndani hufanya kazi mara moja tu, na hutajua kama mwenyewe wa kwanza alishaitumia hiyo mara moja. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miaka 5 hata kama haijawahi kuanguka.

Kitu kinachosahaulika kwenye bajeti ni mafunzo. VETA wanafundisha udereva, na ada yake ilinganishe na siku ambazo utalala wodini bila kupeleka hesabu kwa bosi mwenye pikipiki. Wengi walijifunza kwa rafiki, naye akawaonya wasiguse breki ya mbele kwa sababu "inapindua". Kinachopindua ni kuikaba ghafla, hasa ukiwa kwenye kona au mchanga. Ukifunga breki, uzito mwingi huja mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Bana taratibu, kisha ongeza. Na kumbuka, ukitoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, umbali wa kusimama kwa breki hauwi mara mbili tu. Unakuwa mara nne. Zoezi la kufunga breki kwenye uwanja mtupu Jumapili asubuhi linagharimu petroli kidogo tu.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa pesa ni huu: helmeti yenye lebo, mafunzo, buti na glavu za ngozi, kisha jaketi. Na kama unabeba abiria, kabla ya jaketi nunua helmeti ya pili, yenye ukanda unaofunga.