Kupanda Kilimanjaro Wakati wa Vuli

Mama mpendwa, je, kikundi chenu kinafikiria kupanda Kilimanjaro mwezi wa Novemba? Wakati huo wa mvua za vuli wageni hupungua, na njiani huwa na utulivu. Lakini jiandaeni vema.

Kwanza, chagueni njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo yenye vibanda vya kulala. Hamtalala ndani ya hema lililolowa.

Pili, msitegemee nguo za pamba. Zikilowa hazikauki upesi, na baridi humwingia mtu mwilini. Chukueni sweta za sufu, koti la mvua, na nguo kavu za kulalia katika mfuko usiopitisha maji.

Tatu, ongezeni siku moja ya kukaa Horombo, mita 3,720, ili mwili uzoee hewa nyepesi.

Mwenzenu akiumwa kichwa na kutapika, asiendelee kupanda. Akipepesuka, au akihema hali amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Mwombeeni, lakini mwombeeni mkiteremka. Wala asione haya. Kilele cha mita 5,895 kitakuwapo mwakani. Watoto nyumbani wanamngoja mama yao.